Nishani haimo kwenye DD 214: jinsi ya kuomba kumbukumbu za jeshi la Marekani zirekebishwe

Anayemaliza utumishi katika jeshi la Marekani huondoka na karatasi inayoitwa DD 214. Fomu hiyo imekuwapo tangu mwaka 1950, na kila ofisi atakayoiendea baadaye itamwomba hiyo kwanza. Kama nishani haikuandikwa humo, ofisi itaichukulia kwamba haipo, hata kama medali yenyewe imetundikwa ukutani nyumbani kwake.

Si suala la heshima tu. Mwenye Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, huwekwa angalau katika kundi la tatu la kipaumbele katika hospitali za wastaafu wa jeshi, na anaweza kuzikwa Arlington, makaburi ya taifa ya jeshi. Anayedai fidia ya msongo wa akili uliotokana na vita hurahisishiwa kazi na beji ya mapigano, kwa sababu beji hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba alikuwa vitani. Familia nyingi hugundua pengo hili mzee akishaugua au akishafariki. Bado linazibika, ila ukianzia mlango usio wake unapoteza mwaka mzima.

Kwanza ujue unaomba nini

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Watu husema "nishani haipo" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni nishani za kuwepo. Hizi hazihitaji kamanda kumpendekeza mtu. Alikuwepo mahali fulani katika kipindi fulani, basi anastahili. National Defense Service Medal ni ya namna hii. Vilevile Korea Defense Service Medal, ambayo ina kisa chake: sheria ya kuianzisha ilipita mwaka 2002 lakini inarudi nyuma hadi 28 Julai 1954. Aliyetumikia Korea mwaka 1975 kwa siku 30 mfululizo anastahili, na DD 214 yake haiwezi kuitaja, maana alipotoka jeshini nishani hiyo haikuwa imezaliwa. Hapo hakuna aliyekosea, na ombi lake ni jepesi.

La pili ni nishani iliyotolewa kwa amri ya maandishi, ila karani hakuihamishia kwenye DD 214. Ukiipata amri hiyo, yenye namba, tarehe na jina la makao yaliyoitoa, umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

La tatu ndilo gumu: nishani ambayo haikutolewa kabisa. Kamanda aliahidi, au alipendekeza na karatasi zikapotea njiani. Hili si kosa la kumbukumbu. Kuna kifungu katika sheria za Marekani, kifungu cha 1130 cha Jalada la 10, kinachoruhusu pendekezo lililochelewa kufikiriwa upya likipitia kwa mbunge wa Kongresi. Anayepeleka jambo hili kwa bodi ya marekebisho, yaani jopo linalosahihisha kumbukumbu za jeshi, bila kupita huko mara nyingi hurudishwa.

Nitaje moja ambayo wajukuu wengi hawaijui. Askari wa Vita Vikuu vya Pili aliyepata Combat Infantryman Badge au Combat Medical Badge, beji za mapigano za askari wa miguu na wa matabibu wao, kwa utumishi wa kati ya 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945 anastahili pia Bronze Star. Sera hiyo ni ya mwaka 1947, wakati wengi wao walikuwa wamesharudi mashambani na viwandani, na mamia ya kilomita kutoka kambi yoyote hakuna aliyewaambia.

Agiza faili zima

Usianze kuandika ombi ukiwa na DD 214 peke yake. Agiza faili lote kutoka Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichoko St. Louis, Missouri, kwa fomu SF 180, au mtandaoni kupitia huduma ya eVetRecs. Askari mwenyewe halilipii. Akiwa amefariki, wanaohesabiwa kuwa ndugu wa karibu ni mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, mzazi, mtoto, na ndugu wa kuzaliwa naye. Mjukuu hayumo katika orodha hiyo. Hata hivyo, miaka 62 ikishapita tangu askari atoke jeshini, faili huwa wazi kwa mtu yeyote kwa malipo ya kunakilisha.

Kwenye nafasi ya maelezo, andika wazi kwamba unataka nakala ya faili zima la utumishi pamoja na kumbukumbu za matibabu. Usipoandika hivyo, unaweza kuletewa DD 214 ileile uliyonayo. Na kama alilazwa, taja jina la hospitali na mwaka. Kumbukumbu za waliolazwa zilihifadhiwa kwa jina la hospitali, kando na faili la mtu, kwa hiyo anayeomba kwa jina la mgonjwa tu anaweza kuambiwa hakuna kitu, kumbe kipo.

Kisha kuna moto. Tarehe 12 Julai 1973 kituo hicho kiliungua, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Asilimia 80 hivi ya mafaili ya askari wa Jeshi la Nchi Kavu waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yalikwenda na moto huo. Ya Jeshi la Anga yalipotea asilimia 75 hivi kwa waliotoka kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, wale ambao majina yao kwa alfabeti yanakuja baada ya Hubbard. Hakukuwa na nakala za ziada.

Ukijibiwa kwamba faili liliungua, usifunge bahasha ukakata tamaa. Utapewa fomu NA 13075 ya kusaidia kujenga upya kumbukumbu, na kadiri unavyoijaza kwa undani ndivyo wanavyojua pa kutafuta. Jina la kombania lina thamani kuliko jina la divisheni. Zilikuwapo ripoti za kila asubuhi ambazo karani wa kombania aliandika nani amefika, nani amehama, nani amejeruhiwa au kupelekwa hospitali. Ripoti hizo zilihifadhiwa kwingine. Ukijua kombania na mwezi, jina la baba yako linaweza kuwa humo.

Lisome faili kabla ya kuandika

Nishani ziko kisanduku namba 13 kwenye DD 214 za sasa, na namba 24 kwenye zile za miaka ya Vietnam. Linganisha kisanduku hicho na karatasi nyingine zote za faili.

Kwa askari wa Nchi Kavu wa enzi za Vietnam ambaye hakuwa afisa, karatasi ya kutafuta ni DA Form 20. Ina visanduku vitatu vya kuangalia. Cha 38 kina vituo vyake vyote, na mbele ya kila kituo alama ya mwenendo na ya utendaji. Cha 40 ni cha majeraha. Cha 41 ni cha nishani. Tuseme cha 41 kinataja nishani ambayo haimo kwenye DD 214: hapo una ushahidi ulioandikwa na jeshi lenyewe. Au tuseme alama zote za kisanduku 38 ni za juu kabisa na hakuna hukumu yoyote ya mahakama ya kijeshi. Basi kukosekana kwa Good Conduct Medal, nishani ya mwenendo mwema, kunaelekea kuwa uzembe wa ofisi tu, na bodi imekuwa ikiitoa kwa hoja hiyohiyo.

Angalia pia nishani za kikosi. Jeshi la Nchi Kavu lina vitabu vyake, DA Pam 672-1 kwa Vita Vikuu vya Pili na Korea, na DA Pam 672-3 kwa Vietnam, vinavyoorodhesha vikosi vilivyotunukiwa na kampeni ambazo kila kikosi kilihesabiwa. Kila kampeni huongeza nyota ndogo ya shaba juu ya utepe wa Vietnam Service Medal. Nyota hizo ndizo husahaulika zaidi.

Ombi dogo kabla ya ombi kubwa

Ukishakuwa na ushahidi, anza na tawi lenyewe la jeshi, si bodi. Omba litoe DD 215, ambayo ni karatasi ya kusahihisha DD 214. Ofisi za kumbukumbu za Nchi Kavu ziko Fort Knox, Kentucky. Za Jeshi la Majini Millington, Tennessee. Za Marine Quantico, Virginia. Za Jeshi la Anga Randolph huko San Antonio, Texas. Mahali pa kutuma hutegemea pia mwaka aliotoka jeshini, kwa hiyo fuata jedwali la anwani lililo ndani ya SF 180 yenyewe.

Barua iwe fupi. Usiandike "naomba nishani zote ninazostahili." Karani hatakufanyia utafiti. Andika hivi, kwa Kiingereza bila shaka: "Naomba kisanduku 24 cha DD 214 yangu kiongezewe Good Conduct Medal na nyota tatu za kampeni kwenye Vietnam Service Medal. Ushahidi: DA Form 20, kisanduku 38, ukurasa wa pili wa viambatanisho." Anayesoma aweze kugeuza ukurasa na kuona kwa macho yake. Tuma nakala tu. Za asili zibaki nyumbani.

Wakikataa, barua ya kukataa itunze. Utaihitaji.

Bodi ya marekebisho

Sasa ndipo inakuja DD 149, ombi la kurekebisha kumbukumbu chini ya kifungu cha 1552 cha Jalada la 10. Nchi Kavu ina bodi yake, Anga ina yake, Majini na Marine wanatumia moja, na Walinzi wa Pwani wana ya kwao. Wanaoamua ni raia, si wanajeshi. Hutarajiwi kuwa na wakili, wala hakuna ada. Mwenye nishani akiwa amefariki, mjane, mrithi au mwakilishi wa kisheria anaweza kuomba akiambatanisha cheti cha kifo.

Sheria inatoa miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa. Isikutishe, kwani bodi inaweza kusamehe kuchelewa kwa ajili ya haki, lakini sharti ueleze sababu. Sehemu hiyo ya fomu watu huiacha tupu au huandika "sikujua." Eleza uligundua lini na kwa njia gani: "Nililipata faili la baba mwezi Machi mwaka huu, ndipo nikaiona amri hii."

Kwa Purple Heart bodi hutafuta mambo matatu: jeraha lililosababishwa na adui, matibabu ya mtaalamu wa afya wa jeshi, na maandishi ya wakati ule yanayothibitisha matibabu hayo. Ajali ya gari isiyotokana na adui haimo, wala vidole vilivyoungua kwa baridi kali. Kovu la leo na maelezo ya daktari wa leo husaidia kidogo tu. Kinachobeba ombi ni karatasi ya siku zile: ripoti ya asubuhi, kadi ya hospitali, telegramu iliyopelekewa familia. Barua aliyomwandikia mama yake wiki ileile, ikiwa na muhuri wa posta, nayo iambatanishe.

Mashahidi wana nafasi yao, ila waandike walichokiona. "Alikuwa askari shujaa, tulimpenda sote" haina kazi. "Nilikuwa nyuma yake kombora lilipoanguka, nikamfunga bandeji mkono wa kushoto, nikaona helikopta ikimchukua" ina kazi, hasa shahidi akitaja kombania, mwezi na cheo chake mwenyewe. Si lazima amtafute wakili wa kiapo: sheria ya Marekani, kifungu cha 1746 cha Jalada la 28, inakubali tamko lililosainiwa chini ya adhabu ya kusema uongo, na anayesaini akiwa nje ya nchi hiyo huongeza kwamba anatamka hivyo chini ya sheria za Marekani. Hilo linawasaidia waliorudi kuishi Afrika Mashariki. Shahidi akiandika kwa Kiswahili, weka tafsiri ya Kiingereza nyuma yake pamoja na saini ya mfasiri.

Kabla ya kutuma, soma maamuzi ya zamani ya bodi. Yamewekwa mtandaoni majina yakiwa yameondolewa. Tafuta nishani yako na enzi yako, uone waliokataliwa walikosa karatasi gani. Kwa maoni yangu, saa mbili za kusoma maamuzi hayo zina faida kuliko kurasa kumi za kueleza uchungu. Afisa wa huduma za wastaafu wa jeshi katika kaunti unayoishi, au mwakilishi wa vyama vya wastaafu wa jeshi kama American Legion, VFW au DAV, atakupitia fomu bure. Anayekutoza pesa kwa kazi hiyo mkwepe.

Lingine lisiloruhusiwa ni kuongeza neno kwa mkono au kwa kompyuta kwenye DD 214, hata kama neno lenyewe ni la kweli. Kughushi cheti cha jeshi ni jinai.

Kusubiri, na baada ya jibu

Sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na yote ndani ya miezi 18. Katikati, bodi inaweza kuomba maoni ya ofisi ya nishani na kukuletea nakala. Ijibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, hata kama maoni hayo yanakupinga. Ukinyamaza, bodi itaamua kwa maneno ya upande mmoja. Kusikilizwa ana kwa ana si haki yako, kwa hiyo ombi liandike kana kwamba hutapata nafasi ya kulieleza kwa mdomo.

Ukikataliwa unaweza kuomba tena ukiwa na kitu kipya ambacho bodi haijakiona. Ukirudia hoja ileile kwa herufi kubwa, utapata jibu lilelile.

Ukikubaliwa, kwa kawaida DD 214 haiandikwi upya. Utapewa DD 215, nayo ikae pamoja na DD 214 daima, na kila mara utoe nakala za zote mbili. Wengine huzisajili katika ofisi ya kaunti. Uliza kwanza kama kumbukumbu za huko ni wazi kwa umma, kwa sababu DD 214 nyingi zina namba kamili ya Social Security, namba ya siri ya utambulisho wa mtu Marekani. Medali zenyewe huombwa kando kwa SF 180, na mwenyewe hupewa seti bila malipo.