Injini imetoka ovaholi lakini gari halichanganyi: pima hivi kabla ya kununua sensa

Injini imefungwa, inawaka vizuri, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, lakini ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndipo ichanganye, yaani ipande kasi. Jiulize: kabla ya kufunguliwa ilikuwa hivi? Kama haikuwa, ubovu utafute kwenye kilichochomolewa, kilichofungwa vibaya au kilichosahaulika. Sensa haifi kwa sababu pistoni zimebadilishwa.

Tofautisha pia kusita na uzito. Ringi mpya hufanya injini iwe nzito kidogo kilomita za mwanzo, na uzito huo upo muda wote. Kusita pale tu mguu unapogusa pedali ni ugonjwa mwingine.

Andaa geji ya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya injini), geji ya kompresheni (mgandamizo wa silinda), mita ya umeme na mashine ya kusoma data za kompyuta ya gari. Kwa injini ya distributa (kigawa moto wa plagi) ongeza taa ya taimingi.

Hatua ya 1: macho na mikono

Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedali hadi mwisho huku wewe ukitazama throtoli (mlango wa hewa ya injini). Isipofunguka yote, rekebisha kebo, na angalia kama zulia linazuia pedali.

Kisha kagua mpira mkubwa wa hewa kati ya filta na throtoli. Uvue, uukunje kwa vidole na utazame ndani ya mikunjo ya upande wa chini. Ufa wa hapo hujifunga kwenye silensa na kufunguka injini inapojipindua kwenye maunti zake, yaani pale pale unapokanyaga mafuta. Sensa ya hewa ina mshale, uelekee injini.

Mafundi wengi husahau waya wa eathi kati ya injini na bodi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye bloku na nyingine kwenye hasi ya betri, kisha piga stata. Ikizidi volti 0.3, eathi ni mbovu. Umeme ukikosa njia hiyo hupita hata kwenye kebo ya mafuta, na kebo huungua na kuanza kukwama.

Hatua ya 2: geji ya vakyumu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko kodi yoyote (namba ya hitilafu inayosomwa na mashine). Pasha injini moto, unganisha geji kwenye manifoldi baada ya throtoli. Injini nzima ya kawaida, ikiwa kwenye silensa, husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki karibu na usawa wa bahari. Punguza takriban inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko.

Sindano ikitulia lakini iko chini, kwenye 10 hadi 15, shuku taimingi iliyochelewa au hewa inayoingia kwenye gasketi ya manifoldi. Ikidondoka kwa mpigo unaojirudia, kuna valvu isiyofunga, mara nyingi kwa sababu klirensi (nafasi ya valvu) imebanwa mno.

Sasa panda hadi mizunguko 2500 na ushikilie hapo. Sindano ikizidi kushuka taratibu, ekzosi imeziba. Injini nyingi hufunguliwa kwa sababu zilikuwa zinakula oili, na huenda oili hiyo imeshaharibu masega (kisafisha moshi ndani ya ekzosi). Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, funga geji ya presha kwenye tundu lake: kwenye mizunguko 2500 isizidi psi 3.

Hatua ya 3: taimingi

Zungusha krankshafti kwa spana raundi mbili kamili, kwa upande injini inaozungukia, kisha linganisha alama zote upya. Alama zilizokaa sawa kabla ya tenshona (kikaza mkanda au cheni) kukaza hazithibitishi chochote. Gia ya kemshafti yenye meno 40 ikiruka jino moja, taimingi ya valvu inahama nyuzi 18 za krankshafti. Injini itawaka, lakini kwenye mizunguko ya chini haitakuwa na nguvu.

Kwa Toyota za zamani zenye distributa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kabla ya kutumia taa. Usipounganisha, kompyuta inaendelea kusogeza moto na utakachoseti si sahihi. Injini nyingi za aina hiyo huwekwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, lakini fuata kibandiko cha injini yako.

Hatua ya 4: marekebisho ya mafuta

Kwenye mashine soma asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Ndani ya 10, juu au chini, ni kawaida. Ikiongeza sana kwenye silensa kisha ikapungua kwenye 2500, kuna hewa inaingia kwa magendo. Ikiwa inaongeza zaidi kadiri unavyolitwisha gari mzigo, pima presha ya mafuta na usafishe sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, bila kugusa waya wake.

Maswali

*Mkuu, gari langu halina kebo, throtoli ni ya umeme. Tangu betri ichomolewe linachelewa kuitika.*

Betri ikichomolewa, hasa kama throtoli nayo ilisafishwa, kompyuta inaweza kupoteza kipimo cha kufunga. Fanya utaratibu wa kuifundisha upya kwa mashine au kwa hatua za kitabu cha gari hilo, hutofautiana.

*Yangu ni ya kabureta. Nianzie wapi?*

Zima injini, vua kifuniko cha filta, vuta throtoli kwa mkono ukitazama kooni. Lazima mafuta yaruke papo hapo kwa mchirizi ulionyooka. Yasiporuka, diaframu ya pampu ya kuongezea imekauka au kitundu kimeziba. Gari likikaa wiki kadhaa limefunguliwa, hilo hutokea sana.

*Napata kodi P0016 lakini alama zote ziko sawa, fundi.*

Kodi hiyo husema krankshafti na kemshafti hazilingani. Kama ina taimingi ya valvu inayojibadilisha, chomoa valvu ya oili inayoiendesha na utazame chujio lake. Vipande vya siliko (gundi ya gasketi) iliyopakwa kwa wingi huishia hapo. Hakikisha pia oili ni ya uzito uliotajwa na mtengenezaji.

*Kompresheni ni psi 120 silinda zote nne. Ringi mbovu?*

Usiseme hivyo bado. Ulifungua throtoli yote wakati wa kupima? Plagi zote zilikuwa nje, na betri imejaa? Rudia hivyo. Ikibaki 120 sawasawa kote, mimina kijiko cha oili kila silinda. Ikipanda sana, ni ringi ambazo hazijakaa. Isipobadilika, rudi hatua ya 3.