Unataka kuanza kukimbia? Haya ya maumivu yajue kabla hujatoka

Wengi ninaowaona wakianza kukimbia halafu wanaacha mapema, wala sio wavivu. Mwili uliwauma, wakaogopa, na hakuna mtu aliyewaambia kabla kwamba utauma, utauma wapi, na maumivu yepi unaendelea nayo na yepi yanakuambia simama. Kwa hiyo haya nayaandika kwa yule ambaye bado hajatoka mlangoni, au ametoka mara moja mbili na sasa anajiuliza kama amejiharibu.

La kwanza na ndo kubwa kuliko yote, pumzi inatangulia, mifupa na kano zinafuata nyuma taratibu sana. Ndani ya wiki chache tu moyo na mapafu vinaanza kuzoea, ile kuhema ya mwanzo inapungua, unajisikia fiti, dakika 20 zinakuwa nyepesi unataka ziwe 40, na hapo hapo ndo wengi wanapoumia kwa sababu kano na mifupa havijafika huko bado, vyenyewe vinataka miezi. Kila ukitua chini mguu mmoja unabeba mzigo wa kama mara 2 hadi 3 ya uzito wako, na kwenye nusu saa ya kukimbia unatua mara 4,500 mpaka 5,000 hivi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ratiba yako ya mwanzo ipange kwa kuufikiria mfupa, usiipange kwa jinsi pumzi inavyojisikia. Siku 3 kwa wiki zinatosha kabisa, na katikati kuwe na siku ya kupumzika, na kila siku changanya, kimbia dakika 1 tembea dakika 2, rudia mara 8 au 10 basi. Spidi iwe ile ambayo unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Najua inaonekana ndogo mno, mtu anajiambia hii si kukimbia, lakini niamini, hii ndo inayokufikisha mwezi wa tatu wa kukimbia ukiwa mzima.

Ukifanya hivyo bado utauma kidogo, na hayo ni ya kawaida ila uyajue sura yake. Maumivu ya kawaida ya misuli yanakuja kwa kuchelewa. Siku yenyewe unaweza kulala vizuri tu, kesho yake unaamka mapaja yamekaza, na mara nyingi siku ya pili yake ndo yanafika kileleni, yaani kati ya saa 24 na 72 baada ya kukimbia. Utayajua kwenye ngazi, kupanda sio shida sana, shida ni kushuka, unajikuta unashika ukuta na kushuka kiupande upande, na kukaa chooni unajiachia tu sentimita za mwisho. Ukibonyeza paja linauma eneo zima, hakuna nukta moja unayoweza kusema ni hapa, na mara nyingi ni miguu yote miwili. Ukianza kutembea tembea yanalegea. Haya yanaisha yenyewe ndani ya siku chache.

Na wala sio asidi iliyoganda kwenye misuli kama watu wanavyosema, ile asidi ya laktiki inayotoka msuli ukifanya kazi ngumu inaondoka ndani ya saa moja hivi ukishapumzika, ingekuwaje iume keshokutwa? Kinachotokea ni nyuzi ndogo ndogo za misuli kuumia kidogo, hasa pale msuli unapofanya kazi huku unavutwa kurefuka, kama paja linavyokuzuia usidondoke kila unapotua. Ndo maana mteremko unaumiza kuliko tambarare, japo kwenye mteremko hata huhemi. Kwa hiyo njia yako ya mwanzo ichague kabla, iwe tambarare. Habari njema ni kwamba mwili unajifunza haraka, ukirudia zoezi lile lile wiki ijayo maumivu yanakuwa madogo, hata kama ya kwanza yalikutesa.

Kabla ya kukimbia tembea haraka dakika 5 mpaka 10 mwili upate moto, inatosha. Kusimama na kuvuta misuli kwa muda mrefu hakuzuii maumivu ya kesho, kama unapenda fanya baadaye. Siku yenye maumivu usilale tu kitandani, tembea, piga baiskeli taratibu, kandwa ukipata wa kukukanda, kula chakula chenye protini, na usingizi usiuibie. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki usimeze kabla ya kutoka eti ujikinge, hilo nalikataza kwa nguvu, zinakuficha usisikie mwili unavyolalamika, na ukiwa umepungukiwa maji zinaweza kuzipa figo taabu.

Sasa upande wa pili, maumivu ya kusimama. Alama zake ni hizi, yako mahali pamoja, mguu mmoja, yanazidi kadri unavyokimbia badala ya kulegea, yanakufanya uchechemee au ubadilishe hatua. Muundi ndo unawasumbua wageni kuliko sehemu nyingi, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Kaa chini, chukua kidole gumba, pita nacho taratibu ukingo wa ndani wa mfupa kutoka juu mpaka karibu na kifundo. Kama unauma mstari mrefu, sentimita kadhaa, mara nyingi ni mfupa na misuli yake imelemewa, punguza, tembea badala ya kukimbia, itatulia. Lakini kidole kikifika nukta moja ukaruka kwa uchungu, na usiku umelala pia panauma, basi inaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa. Hapo acha kabisa nenda kwa daktari, na umwambie kwamba umeanza kukimbia karibuni, kwa sababu eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuonekana safi wakati ufa upo.

Goti linalouma mbele, kuzunguka pia ya goti (kile kifupa cha duara), hasa ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu, kawaida linataka upunguze mwendo, ufupishe hatua, na uimarishe mapaja na nyonga kwa kuchuchumaa na kuinuka mara mbili tatu kwa wiki. Kisigino kinachochoma hatua za kwanza asubuhi ukishuka kitandani nacho usikipuuze, kikizoea kinakaa miezi.

Kipimo cha kujiuliza kila ukitoka, kwenye 0 mpaka 10 yanauma ngapi? Mpaka 3, hatua haijabadilika, na kesho asubuhi hayajaongezeka, endelea. Zaidi ya hapo rudi nyumbani kwa kutembea.

Viatu, sitaongea sana. Vijaribu jioni mguu ukiwa umetanuka, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi, na uchukue pea unayojisikia vizuri nayo, sio ya bei kubwa. Soksi zisizoloweka jasho, mafuta ya mgando panaposuguana. Kichomi kikikushika ubavuni punguza spidi, pumua kwa kina, kitaachia.

Mwenye presha, sukari, ugonjwa wa moyo, mjamzito, au aliyewahi kuvunjika mguu, aongee na daktari kabla. Na kwa yeyote yule, kifua kubana, kuzimia, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuwa na joto, au mkojo kuwa wa kahawia iliyokolea baada ya mazoezi huku misuli imevimba, hayo hayasubiri kesho, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Ukisimamishwa na maumivu, usirudi kwa sababu tu siku zimepita. Kwanza uweze kutembea haraka nusu saa nzima bila kuuma, na kesho yake pia pasiume, ndo uanze tena, na uanze na nusu ya ulichokuwa unakimbia kabla hujasimama.