Mambo ya kuzingatia kabla ya kupiga picha za mpira wa kikapu kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu

Macho huzoea upesi. Ukikaa ukumbini dakika chache unaona kila kitu vizuri, ukadhani mwanga unatosha. Kamera haizoei. Taa zile zimefungwa juu darini ili wachezaji waone mpira na watazamaji wafuatilie mchezo; kukamata vidole vinavyoachia mpira angani ni kazi nyingine, na mwanga wa kazi hiyo mara nyingi haupo. Ndiyo maana mengi huamuliwa kabla mwamuzi hajarusha mpira wa kuanzia: lenzi uliyobeba, namba ulizopanga kwenye kamera, na mahali utakapokaa.

Lenzi inatangulia kwa sababu ukishafika ukumbini hutaweza kuibadilisha na usiyokuja nayo. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera huandikwa f/3.5-5.6, yaani ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na namba inayokuhusu ni ile ya pili. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, yaani linaingiza robo tu ya mwanga unaoingia kwa f/2.8. Pale mwenzako mwenye f/2.8 anapopiga kwa ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga), wewe utalazimika kwenda ISO 12800 ili upate kasi ileile ya shata, yaani ya mlango wa kamera unaofunguka kwa muda mfupi kuingiza mwanga. Lenzi ya 70-200 mm f/2.8 inasifiwa sana, na inastahili, lakini ni nzito na kwa kikapu si ya lazima. Lenzi isiyovutika ya 85 mm f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na ukikaa nyuma ya mstari wa mwisho inatosha kwa karibu kila kinachotokea chini ya kikapu cha upande wako. Kwenye kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kibao cha ndani kinachopokea picha), 50 mm f/1.8 itakupa mwono unaokaribiana na huo.

Kikapu cha mbali kiache. Uwanja wa vipimo vya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, una urefu wa mita 28, na mchezaji aliye ng'ambo atatoka mdogo huku migongo ya wenzake ikimziba. Timu hubadilishana pande baada ya mapumziko makubwa, kwa hiyo hata ukikaa mahali pamoja mchezo mzima utapata timu moja ikishambulia mbele yako nusu ya kwanza na nyingine nusu ya pili.

Tundu kubwa lina gharama yake. Kwa 85 mm kwenye f/1.8, sensa ikiwa kubwa na mchezaji akiwa umbali wa mita 6, eneo linaloonekana kali lina kina cha takriban nusu mita. Goti lililotangulia linaweza kutoka kali na uso ukafifia. Mwanga ukiruhusu, funga kidogo hadi f/2 au f/2.2, lenzi nyingi pia huwa kali zaidi hapo kuliko zikiachwa wazi kabisa.

Kasi ya shata na hofu ya chenga

Mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde husogea karibu sentimita 5 wakati shata iko wazi kwa 1/125 ya sekunde. Kwa 1/500 husogea sentimita 1.2, na kwa 1/1000 milimita 6 tu. Huo ni mwili. Mkono unaotupa na mpira unaopasiwa huenda kasi zaidi. Panga 1/800 au 1/1000 kama mwanga unakubali, 1/640 kama umebana, na 1/500 uihesabu kuwa ndiyo sakafu yako. Ukumbi ukiwa na giza kweli, subiri kilele cha mruko: pale juu kabisa, kabla hajaanza kushuka, mwili wa mchezaji karibu unasimama, na hata 1/320 inaweza kuushika, ingawa mkono utavutika. Kile kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi hakitakuokoa hapa. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayekimbia.

Baada ya kufungua tundu na kupanga kasi, kilichobaki ni ISO, nayo ipandishe bila woga. Kumbi nyingi zitakutaka kati ya 3200 na 6400, na zile za taa chache zitakupeleka 12800. Picha itakuwa na chenga, yaani vipunje vinavyoifanya ionekane chafu, ndiyo. Lakini chenga hupunguzwa kwa programu, na picha ikichapishwa ndogo au ikitazamwa kwenye simu hazionekani sana. Uso uliovutika kama uzi hauna dawa. Kosa linalorudiwa kila mara ni kung'ang'ania ISO 1600, kupata picha za giza, kisha kuziangaza kwenye kompyuta. Chenga zinazoibuka kwenye vivuli kwa njia hiyo, hasa kama ulipiga JPEG, mara nyingi ni mbaya kuliko ambazo zingekuwepo kwa ISO 6400 picha ikiwa na mwanga sahihi tangu mwanzo.

Panga vyote vitatu kwa mkono, yaani hali ya M, ISO ikiwa imefungwa. Ukiiachia kamera iamue, itadanganywa na jezi. Timu ya jezi nyeupe ikijaza fremu kamera itapunguza mwanga na nyuso zitakuwa giza. Ya jezi nyeusi ikijaza, itaongeza mpaka taa na ubao vigeuke weupe mtupu. Taa za ukumbi hazibadiliki dakika hadi dakika, basi na namba zako hazina sababu ya kubadilika.

Namba hizo zitafute wakati timu zinapasha misuli. Piga picha ya majaribio chini ya kikapu, nyingine kwenye mstari wa mitupo huru, nyingine kwenye kona. Kona huwa na giza zaidi katika kumbi nyingi kwa sababu taa zimejazana katikati, na ni vizuri ulijue hilo kabla mtu hajatupa pointi tatu akiwa huko. Unapokagua picha, angalia uso kuliko jezi. Mwanga unaoshuka kutoka juu huweka kivuli kwenye matundu ya macho, na mchezaji mwenye ngozi nyeusi hupoteza macho kabla ya kitu kingine chochote. Ongeza mwanga hadi macho yaonekane, mradi mikunjo ya jezi nyeupe isifutike kabisa. Sakafu ya mbao iliyong'arishwa husaidia kidogo kwa kurudisha mwanga juu hadi chini ya kidevu.

Taa zinazopepesa

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, kwa kuwa macho hayalioni. Taa nyingi zinazotumia umeme wa 50 Hz huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kwenye umeme wa 60 Hz mara 120. Ukipiga kwa 1/1000 unachukua kipande kidogo tu cha mzunguko huo. Fremu moja inaangukia taa zikiwa zimewaka sawasawa, inayofuata inaangukia zikiwa zimefifia. Unatazama picha tatu za mfululizo: ya kwanza ang'avu, ya pili giza na imegeuka rangi ya kahawia, ya tatu juu iko sawa na chini imefifia, kana kwamba mtu ameweka kitambaa mbele ya nusu ya lenzi. Hiyo ya tatu inatokana na shata yenyewe. Kasi ikipita takriban 1/250, mapazia yake hayaiachi sensa wazi yote kwa wakati mmoja. Mwanga hupita kwenye mwanya mwembamba unaotembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na taa hubadilika wakati mwanya uko njiani.

Kupima ni rahisi. Elekeza kamera kwenye ukuta au ubao wa kikapu, weka 1/1000, piga fremu 10 mfululizo, kisha zipitie moja moja. Zikifanana, shukuru; taa hizo hazitakusumbua. Zikitofautiana, ingia kwenye menyu utafute mpangilio wa kuzuia kupepesa kwa taa. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zinao. Ukiuwasha, kamera husubiri taa zifike kileleni ndipo ifyatue. Mfululizo utapungua kasi kidogo na kitufe kitaonekana kuchelewa kwa chembe ndogo ya sekunde, vumilia. Kama kamera yako haina mpangilio huo, piga RAW (faili ghafi linalorekebishika zaidi kuliko JPEG) na uongeze idadi ya fremu kwa kila tukio, kwa sababu baadhi zitaharibika kwa vyovyote vile. Kushuka hadi 1/100 kungesawazisha mwanga, lakini wachezaji wangekuwa ukungu mtupu.

Kwenye kamera isiyo na kioo (mirrorless), hakikisha inatumia shata ya mapazia. Shata ya kielektroniki huisoma sensa mstari kwa mstari, na kwenye kamera nyingi usomaji huo ni wa polepole kiasi kwamba taa za LED huacha michirizi ya giza kuvuka fremu nzima. Michirizi hiyo ni kazi ngumu mno kuiondoa baadaye.

Rangi nayo isiachwe kwenye otomatiki, maana kamera itaifukuzia kila taa inapobadilika. Simama uwanjani kabla ya mchezo, shika karatasi nyeupe au kadi ya kijivu chini ya taa zilezile, ijaze kwenye fremu, kisha iambie kamera kwamba hiyo ndiyo nyeupe. Ukumbi ukiwa na madirisha makubwa, upande wa dirisha utakuwa na ubluu na utabadilika jua linavyotua. RAW itakupa nafasi ya kurekebisha picha moja na kunakili marekebisho hayo kwa nyingine zote.

Fokasi na mahali pa kukaa

Weka fokasi ya kufuatilia, ile inayoitwa AF-C au AI Servo. Kwa kamera ya kioo, tumia nukta ya fokasi ya katikati au kikundi kidogo kinachoizunguka, kwa kuwa nukta za pembeni mara nyingi huhangaika gizani, na ulenge namba ya jezi kifuani: kingo zake kali huipa kamera kitu cha kushika. Kamera zinazotambua macho hufanya vizuri mchezaji akiwa peke yake, lakini kwenye msongamano chini ya kikapu zinaweza kurukia uso wa mlinzi, mwamuzi au mtazamaji wa mstari wa mbele. Punguza wepesi wa kuhama fokasi ili mkono unaopita mbele ya lenzi usiibe. Ukiweza, hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, kidole gumba kikae hapo muda wote na cha shahada kibaki na kazi moja ya kufyatua. Inahitaji kuzoewa, na mitupo huru ni mahali pazuri pa kujifunzia: mtu amesimama, uso uko wazi, mkono unajulikana utaelekea wapi.

Kaa chini, nyuma ya mstari wa mwisho, kati ya kona na eneo la kikapu. Ukiwa chini, mruko unaonekana mrefu na pete iliyo mita 3.05 juu inaingia kwenye fremu bila kukata miguu. Usikae moja kwa moja nyuma ya nguzo ya kikapu, wala usisogee karibu sana na mstari: kanuni za FIBA zinataka mita 2 zisizo na kizuizi kuzunguka uwanja, na mwamuzi mmoja hufanya kazi kwenye mstari huohuo ulioukalia. Begi liweke mbali kabisa. Mchezaji mwenye kilo 90 anayeteleza kuelekea kwako hawezi kusimama kwa sababu ya kamera yako, kwa hiyo acha jicho la pili wazi na miguu iwe imekunjwa tayari kukwepa. Fungia lenzi kofia yake ya mbele. Mpira ukija, kofia ndiyo ipigwe.

Ruhusa iombwe mapema kwa waandaaji, na kwa mechi za watoto ni lazima ujue kama wazazi wamekubali. Uliza pia kuhusu flashi, ingawa jibu zuri ni kuiacha nyumbani. Inamulika machoni mwa anayetupa, na kwa kamera nyingi inakufunga kwenye 1/200 au 1/250, kasi ambayo taa za ukumbi bado zitaacha kivuli cha mwendo nyuma ya mchezaji.

Betri mbili zilizojaa, kadi mbili zilizofomatiwa ndani ya kamera yenyewe, kitambaa cha lenzi, kitu laini cha kukalia. Kadi iwe ya haraka, angalau V30 (alama ya kasi inayoandikwa kwenye kadi), maana mfululizo mrefu wa RAW hujaza akiba ya ndani ya kamera na kitufe hugoma wakati mpira unaingia. Fyatua tatu au nne kwa tukio, acha, kisha endelea.

Robo ya kwanza ikiisha una dakika 2. Usizipotezee kwenye kufuta picha. Chagua moja ya mtupo na moja ya mbio, zikuze hadi uone jicho. Kama ukuta wa nyuma uko mkali na mchezaji amefifia, tatizo ni fokasi: punguza ukubwa wa kikundi cha nukta. Kama mchezaji amevutika kuelekea alikokuwa anakwenda na sakafu imetulia, pandisha kasi ya shata hatua moja, yaani mara mbili, na ISO pamoja nayo. Kama kila kitu kimevutika kwa mwelekeo mmoja, ni mikono yako: bana viwiko kwenye mbavu, egemeza kimoja gotini, na urudi kazini robo ya pili ikianza.