Usifiche kwamba unahitaji msaada wa ada

Kama unaomba chuo Marekani na nyumbani hela hakuna, kwenye fomu palipoulizwa kama utahitaji msaada wa fedha, jaza ndiyo. Wapo wanaojaza hapana ili wapokelewe kirahisi, wakidhani wataomba baadaye. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni kuomba baadaye, na usipoonyesha pesa ya ada hupati I-20, ile hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, basi na viza ndiyo imekwenda. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havitazami mfuko wako vinapochagua. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani, achana nayo, si yetu sisi wageni. CSS Profile, fomu ambayo baadhi ya vyuo hutumia kupima hali ya fedha ya familia yako, inalipiwa. Kabla hujalipa, iandikie ofisi ya misaada ya chuo, uulize kama wanasamehe ada hiyo au wana fomu nyingine ya bure.