Somo: Kuendesha gari nchi ya watu: bima, na wa kumpigia gari likigoma

Wengi wakijiandaa kuvuka mpaka na gari huuliza swali moja tu: "Bima yangu inafika huko?" Wakijibiwa ndiyo, wanafunga mizigo. Lakini ndani ya swali hilo yamo matatu. Nani atamlipa mtu niliyemgonga? Nani atatengeneza gari langu? Na gari likizima usiku njiani, nani atakuja kunitoa? Kila moja lina mkataba wake, na ukiwa na mmoja usidhani unayo yote.

Hatua ya 1: Isome hati ya bima yenyewe

Stika na risiti hazitoshi. Tafuta hati yenye masharti, ufungue sehemu inayotaja bima inafanya kazi katika nchi zipi. Angalia nchi zilizotajwa, siku unazoruhusiwa kukaa huko, na madereva wanaoruhusiwa kushika usukani. Siku ndizo zinazowaponza watu. Mkataba unaweza kuruhusu mwezi mmoja au miezi mitatu tu kwa kila safari, na mtu akiongeza wiki mbili za likizo anaendesha bila ulinzi pasipo kujua.

Wenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako, nawaomba wawe makini zaidi hapa. Kampuni nyingi, gari likishavuka mpaka, huishusha bima hiyo hadi kiwango cha chini kabisa kinachodaiwa na sheria ya nchi uliyoingia. Maana yake, kule unabaki na bima ya mtu wa tatu peke yake, yaani inayomlipa uliyemgonga na si gari lako. Kuirudisha hadi bima kubwa kunahitaji nyongeza unayoomba na kulipia kabla ya kuondoka. Mwandikie wakala, akujibu kwa maandishi: nchi gani, tarehe gani hadi gani, gari langu linalipwa au halilipwi. Maneno ya kwenye simu hayatakusaidia siku ya madai.

Hatua ya 2: Pata kadi ya mpakani

Nchi nyingi zimejiunga kwenye mifumo ya kutambuliana bima. Ulaya na majirani zake wana Kadi ya Kijani, mfumo ulioanza mwaka 1949. Mashariki na kusini mwa Afrika kuna Kadi ya Njano ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania nayo inaitumia ingawa si mwanachama wa COMESA. Afrika Magharibi wana Kadi ya Kahawia, ya mkataba wa mwaka 1982 wa ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya nchi hizo. Nchi za Kiarabu zina ya rangi ya chungwa. Zote zinafanya kazi kwa njia moja: ukimgonga mtu, ofisi ya mfumo huo katika nchi yake inashughulikia madai yake kwa sheria za kwao, kisha inaidai kampuni yako.

Ukipewa kadi, isome pale pale mbele ya wakala. Kadi ya Kijani ina visanduku vyenye herufi za nchi, na nchi ambayo herufi zake zimekatwa kwa mstari haimo kwenye ulinzi wako. Watu huibeba kadi kwa fahari wakati nchi wanayokwenda imekatwa. Linganisha namba ya gari herufi kwa herufi, angalia na tarehe. Na ikiwa imechapishwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe usishtuke, inaruhusiwa tangu mwaka 2020.

Sasa shika hili: kadi hizi ni kwa ajili ya watu uliowadhuru. Gari lako halimo. Vivyo hivyo Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho na Eswatini, ambako fidia ya majeruhi hutoka kwenye mfuko unaochangiwa kwa tozo ya mafuta. Mgeni akijaza tangi anaambiwa ameshalipia bima, naye anaridhika. Mfuko ule unahusu kuumia na kifo. Ukilivunja gari la mtu, au lako likivunjika, tafuta pa kulipia kwingine.

Hatua ya 3: Msaada wa barabarani

Gari kuzima si ajali, na bima ya kawaida haihusiki na alternata (kifaa kinachochaji betri) iliyokufa. Unahitaji huduma ya msaada, ama kama nyongeza ya bima, ama kwa uanachama wa chama cha wenye magari, ambavyo vingi vina makubaliano na vyama vya nchi nyingine. Kabla ya kulipa, uliza haya:

Je, gari linavutwa hadi wapi? Neno la kawaida kwenye mikataba ni "karakana iliyo karibu". Hiyo inaweza kuwa karakana ambayo haijawahi kuona gari la aina yako. Uliza pia kama watalirudisha gari nyumbani likishindikana kutengenezwa, na kwa masharti gani. Mara nyingi hawalirudishi ikiwa gharama ya kulisafirisha inazidi thamani ya gari.

Je, kuna ukomo wa umri au uzito wa gari? Gari la zamani, au lenye trela, linaweza kukataliwa.

Je, abiria watalala wapi wakati gari linasubiri spea? Huduma nzuri hulipia hoteli au gari la kukodi kwa siku chache.

Je, vipuri na ufundi analipa nani? Karibu kila mara ni wewe. Huduma hulipia kuja, kujaribu kuliwasha palepale na kulivuta.

Kanuni kubwa kuliko zote: piga kwanza simu ya huduma yako, ndipo umwite mtu wa kuvuta. Ukijiitia mwenyewe, wanaweza kukataa kukurudishia pesa. Isipokuwa barabara kuu za kulipia za Ufaransa. Kule kampuni uliyolipia nyumbani haiwezi kukutumia gari la kuvuta. Unapiga simu ya rangi ya machungwa iliyo kando ya barabara, mvutaji mwenye kibali anakuja kwa bei iliyowekwa na serikali, nawe unatunza risiti ya kudai.

Hatua ya 4: Vitu vya kuwa navyo garini

Kadi ya gari, hati ya bima, leseni, na leseni ya kimataifa pale inapodaiwa. Nakala zake ziwe kwenye simu, na namba za msaada ziandikwe pia kwenye karatasi, kwa maana simu huzima. Vaa jaketi la kuakisi mwanga kabla ya kushuka, kwa hiyo likae ndani, siyo kwenye buti. Pembetatu ya tahadhari inadaiwa nchi nyingi, lakini kwenye motawei (barabara kuu za mwendo kasi) za Uingereza mwongozo unakataza kuiweka.

Hatua ya 5: Ajali ikitokea

Sogea mahali salama, abiria washuke upande usio na magari na wasimame nyuma ya kizuizi. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112, bure.

Ulaya utapewa fomu ya pamoja ya ajali: upande wa bluu ni gari A, wa njano ni gari B, katikati kuna visanduku 17 vya kueleza kilichotokea. Mpangilio ni uleule katika kila lugha, hivyo beba ya lugha unayoielewa uiweke kando na kulinganisha kisanduku kwa kisanduku. Usisaini usichokielewa, maana baada ya saini hakibadilishwi. Piga picha magari yakiwa bado yamekaa yalivyogongana, namba zake, alama za breki na mashahidi wakikubali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nitakodi gari nikifika. Wameniambia bima imo kwenye bei. Niongeze nyingine?*

Marahaba. Iliyomo aghalabu ni ya mtu wa tatu, na kwa uharibifu wa gari kuna kiasi utakachojilipia mwenyewe kabla yao kulipa. Uliza kiasi hicho. Uliza pia kuhusu matairi, vioo, paa na chini ya gari, kwa kuwa hivyo huachwa nje mara nyingi. Ukitaka kuvuka mpaka wa pili, pata kibali chao kwa maandishi. Na likigoma, piga namba yao wao.

*Gari ni la shemeji yangu, nitaliendesha mimi. Kuna shida?*

Hakuna, ukiwa na barua yake ya ruhusa. Baadhi ya mipaka hutaka iwe na muhuri wa wakili. Hakikisha tu bima yake inaruhusu dereva mwingine akiwa nje ya nchi. Na kama gari lina mkopo, benki nayo iulizwe.

*Nikijaza petroli kwenye gari la dizeli, msaada unakuja?*

Usiwashe injini, hata kulisogeza kidogo. Watakuja, lakini mikataba mingi huhesabu hilo kuwa kosa la dereva, na kumwaga mafuta unalipia wewe isipokuwa limetajwa.

*Niliyegongana naye anataka tumalizane kwa pesa palepale. Niafiki?*

Kaka, nakusihi usikubali. Maumivu ya shingo huja kesho yake, na kampuni ya bima inaweza kukataa madai kwa sababu uliafikiana bila wao. Andikeni taarifa, ita polisi, piga simu kwa bima siku hiyohiyo.

*Gari likiharibika kabisa, naweza kuliacha hukohuko?*

Hapana, usiliache hivihivi. Kwa forodha gari lako limeingia kwa muda, na lisipotoka unaweza kudaiwa ushuru kana kwamba umeliingiza kuuza. Nenda forodha ukiwa na taarifa ya polisi na ya mtathmini wa bima, uombe utaratibu wa kulikabidhi au kuliteketeza, na usiondoke bila karatasi yenye muhuri wao. Kama uliingia kwa hati ya forodha ya kupitisha gari, ile inayoitwa kaneti, nayo igongwe muhuri wa kutoka, la sivyo dhamana uliyoweka nyumbani haitarudi.