Siku 60: jinsi ya kupinga leseni ya mazingira ya kampuni nchini Kenya

Leseni ya machimbo ya mawe yaliyo nyuma ya kijiji chetu tuliiona kwa mara ya kwanza kwenye simu ya dereva wa lori. Alikuwa ameipiga picha ili awaonyeshe askari wa barabarani kwamba kazi yake ni halali, na kijana wetu mmoja akamwomba amtumie. Karatasi ilikuwa na jina la kampuni, nambari na tarehe. Tarehe hatukuitazama. Tulitazama jina, tukakasirika, tukaanza kuandika barua.

Tuliandika barua 4, na kila moja tuliisubirishia jibu kwa adabu kabla ya kuandika nyingine. Tulipofika kwa wakili, alifungua kalenda mezani, akaweka kidole kwenye tarehe ya leseni, akahesabu wiki baada ya wiki mpaka siku ile tuliyokaa mbele yake. Siku 74. Sheria inatoa 60. Rufaa tuliiwasilisha hata hivyo, ikatupwa kabla ya mtu yeyote kuulizwa habari ya vumbi, nyufa za nyumba wala maji. Naandika haya kwa ajili ya kijiji ambacho bado kiko siku ya 10 au ya 20 na hakijui kwamba kinahesabiwa.

Kwanza jua unapinga nini

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo mawakili huiita EMCA. Kama unachopinga ni leseni yenyewe, yaani NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, imeipa kampuni ruhusa ambayo hukuona ikistahili, mlango wako ni jopo la kitaifa la mazingira, NET, kupitia kifungu cha 129. Kama unachopinga ni madhara, yaani moshi, maji machafu, sumu kwenye udongo, kampuni iwe na leseni au isiwe nayo, mlango wako ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ukitumia Kifungu cha 42, kinachokupa haki ya mazingira safi, na cha 70 cha Katiba ya 2010.

Iko pia kamati ya kitaifa ya malalamishi ya mazingira, NECC. Hiyo hupokea malalamishi na kuyachunguza, na ripoti yake inaweza kukusaidia sana baadaye kama ushahidi. Lakini kazi yake inaishia kwenye mapendekezo. Haiwezi kufuta leseni, na kupeleka malalamiko huko hakusimamishi siku zako. Vivyo hivyo barua kwa chifu, kwa mwakilishi wadi, kwa mbunge, kwa ofisi yoyote ya kaunti. Ziandike ukitaka, ila ziandike huku rufaa ikiandaliwa.

Siku 60

Hapa ndipo tulipoangukia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Muda wa rufaa dhidi ya leseni ni siku 60 tangu tukio unalolalamikia. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Kwa rufaa ya aina hii usitegemee kuomba nyongeza, hata ukiwa na sababu ya kuliza. Mawakili hubishana kama hesabu inaanza siku leseni ilipotiwa sahihi au siku wewe ulipoijua. Ubishi huo uache kwa dharura. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye leseni, na ukiona bado ziko ndani, kimbia.

Pamoja na hayo, weka ushahidi wa siku uliyojua. Ujumbe ule wa dereva ulikuwa bado kwenye simu ya kijana wetu, wenye saa na tarehe, lakini alikuwa ameshabadilisha simu na picha hazikufunguka tena. Siku utakapoona kibao cha mradi, leseni, notisi gazetini au tingatinga la kwanza, ipige picha, itume kwa watu watatu, na uandike kwenye daftari: nani aliona, wapi, tarehe ngapi. Ikibidi hati ya kiapo, utakuwa na kitu cha kuapia.

Sisi si wa kwanza kuumizwa na hesabu ya siku. Mwaka 2020 mashirika manne ya kiraia ya Afrika Mashariki yalikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga bomba la mafuta ghafi la EACOP, la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Huko muda ni miezi 2. Novemba 2023 kitengo cha awali cha mahakama hiyo kilisema walichelewa, kwamba walipaswa kufungua kesi mapema tangu 2017, mikataba ilipotiwa sahihi. Hayo ni mashirika yenye mawakili. Kijiji chenye daftari moja na deni la nauli kina haja kubwa zaidi ya kuiangalia kalenda.

Omba nyaraka siku hiyo hiyo

Huwezi kupinga ripoti ambayo hujaisoma. Unachohitaji ni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, leseni pamoja na masharti yake, na kumbukumbu za mikutano ya umma zikiwa na orodha za waliohudhuria. Ombi ni barua ya ukurasa mmoja. Yetu ya pili, iliyofaulu, ilisema: "Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo." Kisha orodha. Basi.

Sheria hiyo inaruhusu uandike kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kuandika ana haki ya kuandikiwa na ofisa. Sababu zako za kutaka nyaraka hazipunguzi haki yako ya kuzipata, kwa hiyo ukiulizwa "ya nini?" jibu kwa upole na usitoke mlangoni bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Malipo ni ya gharama ya kunakili tu.

Ofisi ina siku 21 kujibu. Zipime vizuri hizo: ni zaidi ya theluthi moja ya siku zako 60. Ukinyimwa, unaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huo, na huko nako kuna muda wake. Usiisubiri. Rufaa iende na ulichonacho, na ndani yake useme wazi kwamba uliomba nyaraka tarehe fulani na hujapewa.

Orodha ya mahudhurio ndiyo karatasi ya kuisoma polepole. Yetu ilikuja imechelewa mno kwa rufaa, lakini tuliisoma usiku mmoja kwa tochi tukiwa na mzee wa kijiji, jina baada ya jina. Majina 41. Tisa aliyatambua. Mengine hakuna nyumba kijijini inayoyajua, na mawili yalikuwa ya watu waliokwisha kuzikwa kabla ya tarehe ya mkutano. Mzee alivua miwani, akasema huyu nilimwosha mimi. Ukikuta jambo kama hilo, tafuta nakala ya cheti cha kifo na hati ya kiapo ya jamaa.

Kuandika na kuwasilisha rufaa

Sehemu hii nitaipita haraka, kwa sababu wakili au shirika la msaada wa kisheria litakusaidia. Warufani ni ninyi. Wajibu rufaa ni wawili: NEMA iliyotoa leseni, na kampuni iliyopewa. Jina la kampuni liwe lile la kwenye usajili, si la kwenye kibao cha lango. Omba fomu ya CR12 kupitia eCitizen, itakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Nyaraka huskaniwa, hupewa nambari za kurasa, na kupandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Idara ya Mahakama. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya mwisho. Mtandao wa saiba ukikatika jioni ya siku ya 60, umechelewa kama mwingine yeyote.

Kwenye sababu za rufaa, usiandike tu kwamba mradi ni mbaya. Onyesha ni hatua gani ya sheria iliyorukwa. Kesi ya Lamu ifundishe kila mtu. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016 kwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Wakazi chini ya Save Lamu wakakata rufaa mwaka huo huo, na Juni 2019 jopo likafuta leseni hiyo. Hoja iliyobeba uzito mkubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya utambulisho, kabla utafiti haujakamilika, na watu hawakupewa nafasi ya kuijadili ripoti yenyewe yenye athari na mipango ya kuzipunguza. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi aitishe angalau mikutano mitatu na watakaoathirika, na atangaze kwa mabango, gazeti na redio. Kwa hiyo uliza: mikutano mingapi? Lini? Kwa lugha gani? Watu walionyeshwa nini?

Pamoja na rufaa, wasilisha ombi la amri ya kusimamisha kazi hadi rufaa isikilizwe, na ombi hilo liambatane na hati ya kiapo inayoeleza madhara yasiyorudishika. Wazee wengi wanaamini kwamba ukishafungua rufaa mitambo inazimwa yenyewe. Usilitegemee hilo. Omba amri, na ukiipata ipeleke kwa kampuni kwa mkono, mtu asaini.

Ukiwa umeshachelewa

Mlango wa NET ukifungwa, madhara hayajaisha, na haki yako chini ya Kifungu cha 42 haijaisha. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki hizo, na mahakama inaweza kupokea hata maombi yasiyo rasmi ikibidi. Tarajia kampuni kudai kwamba ulipaswa kwenda NET kwanza. Mwishoni mwa 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina mamlaka ya kusikiliza ombi la kikatiba kuhusu uchafuzi hata kama NET na kamati ya malalamishi zipo. Lakini liandike ombi lako likihusu haki iliyovunjwa. Likisomeka kama rufaa ya leseni iliyochelewa, utarudishwa ulikotoka.

Hii ndiyo njia tuliyomo sasa, na inadai ushahidi kuliko ile ya kwanza. Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka mingi, huchota maji ya tangi la mvua kwenye chupa kila Ijumaa na kuiacha itulie hadi asubuhi. Chini hubaki tabaka jeupe, unene wa ukucha. Tulizipanga chupa 11 dirishani tukadhani tuna ushahidi. Wakili alituuliza: nani alichota, nani alifunga, zilikaa wapi, nani alizigusa? Hatukuweza kujibu. Sampuli inayofaa huchukuliwa mbele ya mashahidi, hufungwa na kuandikwa lebo hapo hapo, na hupelekwa maabara inayotambuliwa, kila mkono unaoipokea ukisaini. Kilichotufaa zaidi ni daftari la mwanafunzi wa darasa la saba aliyekuwa akiandika kila mlipuko wa baruti: saa, siku, kama wanafunzi walikuwa darasani. Kurasa 30, kalamu moja, mwandiko mmoja. Kadi za kliniki za watoto wenye kifua nazo tulizinakili zote.

Owino Uhuru, Mombasa, ndiyo kesi ninayowasimulia wenzangu wanapochoka. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu pembeni ya makazi ya watu, madini ya risasi yakaingia kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mwanawe ana sumu hiyo mwilini, akaanza kupigania kijiji kizima. Kesi ilifunguliwa 2016. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kilichowafaa ni kwamba hawakuishtaki kampuni peke yake, kwa maana kampuni hufunga lango ikaondoka. Waliweka pia NEMA na idara za serikali zilizokuwa na wajibu wa kuizuia. Fanya hivyo hivyo tangu siku ya kwanza.

Na kama mwenye hisa kwenye CR12 ni kampuni ya nje, mwambie wakili mapema. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu wanakijiji 1,826 wa Zambia kuishtaki kampuni ya madini ya Vedanta huko huko London kwa maji yaliyochafuliwa na mgodi wa kampuni yake tanzu.

Jambo moja limebaki, la wale watakaofika NET kwa wakati na kushindwa. Unaweza kukata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30, na hizo nazo huhesabiwa kuanzia siku ya uamuzi, si siku utakayopata nakala yake. Omba nakala ya uamuzi na ya mwenendo wa kesi kwa maandishi siku hiyo hiyo, kabla hamjapanda gari kurudi nyumbani.