Kumtanguliza mwenzako msibani

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Dar es Salaam, na haya ni maelekezo ya msibani. Huko kila mtu ana haraka ya kusaidia, na wengi wetu tuna haraka ya kuonekana tunasaidia. Paulo aliwaambia Wafilipi kila mtu aangalie mambo ya wengine (2:4). Ukifika kwa mfiwa, anza na hilo.

Kabla hujabeba chochote, uliza. Usiulize "mnahitaji nini?" kwa sababu utajibiwa "hakuna shida, mama, asante". Uliza jambo moja lenye jibu: Maji yapo? Watoto wamekula? Bibi amekunywa dawa yake ya presha? Wageni wa mkoani watalala wapi? Mara nyingi utakuta mchele umejaa stoo na hakuna aliyekumbuka mkaa, sabuni au karatasi za chooni. Karatasi za chooni hazimpi mtu sifa, kwa hiyo lete hizo. Maaskofu wa AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, na sisi tunaosali pamoja kila wiki tunaishi nyumba za jirani. Hatuna kisingizio cha kutojua nani anaumwa presha.

Jikoni ndipo penye kazi kubwa. Ukiingia utamkuta mama ameshashika mwiko. Huyo ndiye mkubwa wa jiko siku hiyo, hata kama pilau lako linasifiwa parokia nzima. Akisema vitunguu viingie sasa, viingie sasa. Akisema chumvi imetosha na wewe unaona haijatosha, nyamaza, watu watakula. Nimeona akina mama wanaofunga Kwaresima yote bila kulalamika wakishindwa kunyamazia chumvi. Ukitaka kazi isiyogombewa, chukua masufuria yaliyoungua chini uyasugue baada ya watu kula. Saa hiyo wengi wanatafuta viatu vyao waondoke.

Kuhusu kukaa, Yesu alishasema usikimbilie nafasi ya mbele (Luka 14). Viti vya chini ya turubai ni vya wazee na wageni wa mbali. Wewe mwenye magoti mazima, kaa mkekani.

Sasa pesa. Katika daftari la rambirambi toa kiasi mlichokubaliana, usizidishe ili jina lako ling'ae. Ukiwa na cha ziada, subiri turubai likunjwe na wageni waondoke, umpelekee mfiwa mwenyewe, mkono kwa mkono au kwa simu. Wiki hiyo ya pili ndiyo nyumba hukauka. Na kama wewe ni katibu kama mimi, usirushe orodha yenye viwango kwenye kundi la WhatsApp. Tangaza jumla, daftari libaki kwa mweka hazina. Kuna mjane atatoa elfu moja, na hiyo elfu moja haina haja ya kuwekwa chini ya laki ya mtu mwingine.

Sala iwe fupi kama watu wamechoka. Mwulize mfiwa kama anataka rozari nzima au Injili na Baba Yetu tu, kisha fanya anachotaka hata kama ulikuwa umeandaa mahubiri.

Jirani akiwa Mwislamu, mambo huenda haraka, kwani kwa kawaida maziko hayacheleweshwi. Usisubiri kikao cha jumuiya. Nenda, ulizia mzee wa familia, na ufuate utaratibu wao; nyimbo zetu ziache nyumbani. Kuchota maji, kuazimisha viti na kuwaangalia watoto wadogo kunatosha.

Lakini usiende kuhudumu kwa watu huku kwako mgonjwa amelala bila uji. Mpe uji kwanza, ukichelewa watakuelewa. Na wasipokuelewa, mpe uji hivyo hivyo.

Lililo gumu kuliko yote ni siku utakapofiwa wewe. Sisi tuliozoea kuhudumia hatujui kuhudumiwa. Tunainuka kila dakika kuonyesha watu kazi. Mkabidhi mtu mmoja funguo, mwonyeshe sukari na majani ya chai yalipo, halafu ukae na ndugu zako. Wakivunja kikombe, vikombe vinauzwa.